Kutunga resipi yako ya kahawa: uzito mbali, ladha mbali

Kikombe cha jana kilikuwa kichachu, kwa hiyo leo umeongeza kijiko cha kahawa ili kukoleza. Uchachu umezidi. Jirani yako naye, kahawa yake ilikuwa chungu mno. Akapunguza kijiko, akapata maji ya rangi ya udongo ambayo bado ni machungu. Wote wawili mmerekebisha kiasi cha kahawa, na wote wawili kiasi hakikuwa na kosa lolote. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kurudi kwenye kopo la kahawa ya kuyeyuka.

Kinachotatanisha ni kwamba kila kikombe hujibu maswali mawili kwa wakati mmoja. La kwanza: kinywaji hiki ni kizito au chepesi kiasi gani? La pili: maji yamevuta nini kutoka kwenye unga, na yamevuta mpaka wapi? Kahawa inaweza kuwa nzito na chachu, nzito na chungu, nyepesi na chungu, nyepesi na tamu. Uzito unautawala kwa kiasi cha kahawa dhidi ya maji. Ladha unaitawala kwa usagaji, joto na muda. Ukishika moja kutibu maradhi ya lingine, utazunguka hapo hapo mpaka mfuko uishe.

Ernest Lockhart, mwanasayansi wa chuo cha MIT nchini Marekani, aliyaweka maswali haya mawili kwenye mchoro mmoja katika miaka ya 1950: upande mmoja uzito wa kinywaji, upande mwingine asilimia ya kahawa iliyoyeyuka. Mchoro huo umeguswaguswa tangu hapo lakini bado unatumika. Kwa ufupi unasema hivi. Kahawa iliyokaangwa na kusagwa, hata uifanyeje, haiyeyuki zaidi ya asilimia 30 hivi. Iliyobaki ni nyuzinyuzi za punje, haina la kukupa. Walaji wengi hupendezwa pale maji yanapokuwa yamevuta kati ya asilimia 18 na 22. Kwa gramu 15 za unga, basi, ni kama gramu 3 tu zinazoingia kikombeni, na 12 unazimwaga na mashapo.

Na haziingii kwa pamoja. Aliyekamua nazi anajua kwamba tui la kwanza na tui la mwisho si tui moja, ingawa chicha ni ile ile. Kwenye kahawa, vinavyotangulia kutoka ni vitu vya uchachu na harufu za matunda. Utamu na uzito wa kinywani hufuata. Wa mwisho ni uchungu mkavu na ule ukakasi unaofanya ulimi ujisikie kama umelamba ganda la ndizi mbichi. Maji yakivuta kidogo, umekunywa vile vya kutangulia tu, ndiyo maana kikombe ni kichachu. Yakivuta kupita kiasi, umekunywa mpaka mkia.

Sasa rudi kwa yule aliyeongeza kijiko. Maji ni yale yale na muda ni ule ule, ila kahawa imekuwa nyingi zaidi, kwa hiyo kila chembe imevutwa kidogo kuliko jana. Amepata kinywaji kizito zaidi chenye uchachu mwingi zaidi. Alichohitaji ni kusaga laini zaidi, au kuacha dakika moja ya ziada. Jirani yake alihitaji kusaga nene zaidi. Kijiko chake hakikuwa na hatia.

Kabla ya kubuni chochote, uwe na mahali pa kuanzia pasipoyumba. Ninachopendekeza kwa anayeanza ni kuloweka, siyo kumiminia juu ya filta, kwa sababu kuloweka husamehe: mkono wako hauna kazi ya kufanya sawasawa, maji na kahawa hukaa pamoja na saa hufanya kazi yake. Jagi la kioo lenye kichujio cha kubonyeza linafaa sana. Usipokuwa nalo, jagi la kawaida lenye kifuniko, na chujio la waya wa matundu madogo au kitambaa safi cha pamba, vinatosha kabisa. Pima gramu 15 za kahawa iliyosagwa kwa ukubwa wa chembe za sukari. Mimina gramu 250 za maji yaliyotoka kuchemka. Koroga mara moja, funika, subiri dakika nne, koroga kidogo tena, acha mashapo yazame, chuja. Hiyo ni sawa na gramu 60 kwa lita, kiwango kisicho cha ajabu wala cha kibahili.

Nimesema gramu, na sitasogea hapo. Mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni ndicho kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya birika lenye shingo ya korongo na vikorokoro vingine vinavyopendeza kwenye picha. Kijiko hudanganya. Kahawa iliyokaangwa sana imepoteza maji na kuvimba, kwa hiyo kijiko chake kimoja kina uzito mdogo kuliko kijiko cha kahawa iliyokaangwa kidogo. Ukibadilisha mfuko huku ukishikilia "vijiko viwili", umebadilisha resipi bila kujua. Mizani hiyo hiyo itapima na maji: weka jagi juu yake, rudisha namba kwenye sifuri, mimina.

Kisha kunywa, ila usinywe ikiwa ya moto sana. Ulimi ulioungua hauna ushahidi wa maana. Kahawa ikishuka mpaka unaweza kuimeza bila kupuliza, uchachu na utamu hujitokeza, na kasoro nazo hutoka mafichoni. Jiulize la uzito kwanza: je, ni maji maji, au inakaba? Halafu ladha: inauma pembeni mwa ulimi kama ndimu, au inaacha ukavu nyuma ya koo?

Ikiwa ni chachu na fupi, ladha ikikatika mara tu umezapo, saga laini zaidi hatua moja. Ikiwa chungu na yenye ukakasi, saga nene zaidi. Ikiwa ladha imekaa sawa ila nyepesi, hapo sasa ndipo pa kuongeza kahawa, mpaka gramu 17 au 18, na pengine, kwenye jaribio linalofuata, usage laini kidogo kufidia. Ikiwa ladha ni nzuri lakini nzito mno kwako, usihangaike na unga. Ongeza maji moto kwenye kikombe kilichokwisha kuchujwa. Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio. Ukibadilisha usagaji na muda asubuhi moja, kikombe kikiwa kizuri hutajua umshukuru nani.

Kuna hali moja inayowachanganya watu: kahawa iliyo chachu na chungu kwa pamoja. Hii haitibiki kwa joto wala muda, kwa sababu chanzo chake ni unga usiolingana. Blenda ya visu, na hata kinu na mchi, hutoa vumbi na mapande kwa mpigo mmoja; vumbi limevutwa mpaka mkia wakati mapande hayajaanza kutoa chochote. Suluhisho la gharama ni mashine ya kusagia ya mkono yenye meno ya chuma au kauri, inayosaga chembe zinazokaribiana. La bei nafuu ni chekeche: twanga kidogo kidogo, chekecha, rudisha mapande kinuni, na vumbi la mwisho kabisa liweke kando kwa kahawa ya kuchemsha. Kazi ipo, sikatai, lakini tofauti utaiona siku hiyo hiyo.

Kumbukumbu ya ladha ni dhaifu kuliko tunavyojisifu. Ukitaka kujua kama dakika tano ni bora kuliko nne, tengeneza vyote viwili kwa wakati mmoja, uvionje sambamba. Wanaoonja kahawa kwa kazi wana jaribio gumu zaidi: vikombe vitatu, viwili vya kahawa moja na cha tatu tofauti, halafu utafute mgeni ni yupi. Mwombe mtu wa nyumbani avipange ukiwa umegeuka. Usipoweza kumtambua mgeni, basi tofauti uliyokuwa unaitolea jasho haipo kwa ulimi wako, na unaweza kuchagua njia iliyo rahisi bila kujilaumu.

Mfano mzuri wa resipi iliyotenganisha uzito na ladha ni ile ya Mjapani Tetsu Kasuya, aliyoshinda nayo mashindano ya dunia ya kutengeneza kahawa ya kuchuja mwaka 2016. Anatumia gramu 20 za kahawa iliyosagwa nene na gramu 300 za maji. Asilimia 40 ya kwanza ya maji, yaani gramu 120, huimimina kwa awamu mbili, na hizo ndizo zinazoamua mizani ya utamu na uchachu: awamu ya kwanza ikiwa ndogo kuliko ya pili, utamu hupanda, ikiwa kubwa, uchachu hupanda. Asilimia 60 iliyobaki huamua uzito: kadiri unavyoigawa katika mimino mingi, ndivyo kikombe kinavyokuwa kizito. Huhitaji kuifuata. Itazame tu ilivyojengwa, kila hatua ikiwa na kazi yake moja.

Hata hivyo resipi ya Tokyo au London ukiileta Dar es Salaam inaweza kukukatisha tamaa, na sababu kubwa ni maji. Kumbuka kwamba kahawa ya kuchuja ni maji kwa karibu asilimia 99. Maji yenye bikaboneti nyingi (madini yanayozima asidi) humeza uchachu. Kahawa nzuri ya mlimani inatoka bubu, haina mwangaza. Visima vingi vya pwani na visiwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na vingine huingiliwa na chumvi ya bahari. Ukipika kahawa moja kwa maji hayo na kwa maji laini ya chupa, utadhani umenunua mifuko miwili. Kwa upande wa pili, maji yasiyo na madini kabisa nayo hayafai, maana kalsiamu na magnesi kidogo husaidia kuvuta ladha. Njia ya nyumbani ni kuchanganya: nusu maji yako, nusu maji ya chupa yenye madini machache (lebo husema), kisha ujaribu robo kwa robo tatu. Kabla ya kulaumu mkulima, mkaangaji au mkono wako, jaribu maji mengine.

La pili ni mwinuko. Maji hupoteza takriban nyuzi moja ya joto la kuchemkia kwa kila mita 300 unazopanda. Dar na Mombasa yanachemka kwenye nyuzi 100, Moshi kama 97, na Nairobi au Mbeya kati ya 94 na 95. Vitabu vingi hutaka maji ya nyuzi 90 hadi 96. Aliye Nairobi hana haja ya kusubiri: birika likichemka, amimine. Aliye Dar ana uchaguzi. Kahawa iliyokaangwa kidogo ni ngumu kuvutwa, aimiminie maji yanayobubujika; iliyokaangwa mpaka ikang'aa mafuta hutoa uchungu upesi, kwa hiyo afungue kifuniko cha birika asubiri dakika moja au mbili. Ndugu wawili, mmoja Tanga mmoja Mbeya, wanaweza kugawana mfuko mmoja na resipi moja na wasikubaliane kabisa kwenye simu, kila mmoja akiwa mkweli.

Kuhusu kahawa yenyewe, herufi za kwenye mfuko zinapotosha wengi. AA ni ukubwa wa punje, siyo cheti cha utamu. PB ni ile punje ya mviringo iliyokuwa peke yake ndani ya tunda lake, wakati kawaida zinakuwa mbili zilizolaliana. Ni nzuri, ila haina uchawi. Mambo yanayobadilisha resipi yako ni aina (arabika au robusta), namna ilivyokobolewa na kukaushwa, na ilivyokaangwa. Arabika iliyooshwa, yaani iliyoondolewa nyama ya tunda kwa maji kabla ya kukaushwa, ya Kilimanjaro, Mbozi au Mbinga ina uchachu safi, na inastahili kuchujwa bila kitu cha kuifunika. Kahawa za Nyeri na Kirinyaga zenye miti ya SL28, aina iliyochaguliwa na Maabara ya Scott nchini Kenya katika miaka ya 1930, zina uchachu mkali wa matunda. Ukizisaga nene kwa uoga zitakuuma, lakini ukizivuta vizuri zinakuwa tamu ajabu. Robusta ya Kagera au Uganda ina kafeini karibu maradufu, uchachu mdogo, na uzito unaojaza kinywa. Wahaya walikuwa wakiitafuna, ikiwa imechemshwa na kukaushwa, zamani kabla mtu hajawaletea kikombe. Watu wa kahawa "za kisasa" huidharau. Mimi naona kosa ni kuipika kama arabika. Changanya sehemu moja ya robusta na nne za arabika kwa kahawa ya maziwa, uone kama maziwa yatameza ladha tena.

Ukikaanga buni mwenyewe kwenye karai, sikiliza. Karibu na nyuzi 200 punje huanza kupasuka kwa mlio unaosikika. Ukizitoa muda mfupi baada ya hapo una kahawa ya kahawia, yenye uchachu na asili ya shamba. Ukiendelea, utasikia mpasuko wa pili, mdogo na wa haraka, na hapo ladha ya moto inaanza kutawala ile ya punje. Zipepete zipoe upesi, halafu usizipike siku hiyo. Kahawa iliyotoka karaini sasa hivi bado inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi, inayosukuma maji yasiingie kwenye unga. Ipe walau siku moja mbili. Povu linaloinuka unapomimina maji ya kwanza ni gesi hiyo hiyo, na lisipoinuka kabisa mfuko wako umekaa sana dukani.

Wapo watakaosema yote haya ni mambo ya mikahawa ya vioo, kahawa yetu ni ile ya barazani: dele la shaba juu ya mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, kashata pembeni. Lakini ile nayo ni resipi iliyokomaa, na ukiichambua kwa macho haya inajieleza. Kahawa imekaangwa sana na inachemshwa, maana yake imevutwa mpaka mwisho; kikombe ni kidogo kwa sababu uchungu ule hauhitaji kuwa mwingi; kashata inabeba utamu ambao kahawa haina. Ukitaka toleo lako la nyumbani, anza na lita moja ya maji, gramu 60 za kahawa, kipande cha tangawizi kavu ukubwa wa nusu ya kidole gumba kilichopondwa, na punje sita za iliki. Tangawizi itangulie majini, ichemke dakika kumi, kwa sababu ukali wake hutoka polepole. Kahawa ifuate, ichemke kidogo, ishushwe. Iliki iwe ya mwisho, imetwangwa wakati huo huo, kwani harufu yake hupaa na mvuke: ukiichemsha tangu mwanzo, jirani ndiye anayeifaidi. Karafuu moja inatosha. Ya pili huanza kutia ganzi ulimi na kufunika kila kitu.

Hapa pia rekebisha kimoja kimoja. Wengi wakiona haijakolea huongeza kahawa na tangawizi pamoja, wakapata uchungu na ukali vinavyopigana. Ukiona uchungu umezidi kidogo na hutaki sukari, chembe chache sana za chumvi, chini ya zile utakazoweza kuzionja, huupunguza ulimini. Na ukitaka ya maziwa, hakikisha tangawizi mbichi imechemka vizuri majini kabla maziwa hayajaingia. Ina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa, ndiyo maana maziwa wakati mwingine huganda sufuriani na muuza maziwa akatukanwa bure. Kikichemshwa hakifanyi kazi tena.

Chujio nalo ni kiungo. Karatasi hunasa mafuta ya kahawa, ikakupa kikombe chepesi na safi. Chujio la waya huyapitisha, na kikombe kinakuwa kizito kinywani. Ndani ya mafuta hayo mna kitu kiitwacho kafestoli, ambacho hupandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu kwa wanywaji wa kila siku, kwa hiyo aliyeambiwa na daktari apunguze lehemu afikirie karatasi. Kitambaa kiko katikati. Kioshe kwa maji moto bila sabuni na ukihifadhi kikiwa kimelowa ndani ya jokofu. Kikikauka na mafuta yake kitanuka na kuharibu kahawa zote zinazofuata.

Resipi ikikaa sawa, iandike kwa namba zitakazomsaidia mtu mwingine: jina la kahawa na tarehe ya kukaangwa, gramu za unga, gramu za maji na ni maji gani, usagaji (kwa mashine ya mkono, idadi ya mibofyo kutoka sifuri), muda, na neno moja au mawili ya ladha. Mfuko mpya ukifika, shikilia vyote na uguse usagaji tu. Mara nyingi hatua moja au mbili zinatosha kurudi ulipokuwa.

Ukipikia wageni, usizidishe tu kwa hesabu. Lita moja na nusu ndani ya sufuria iliyofunikwa hupoa polepole kuliko kikombe kimoja, kwa hiyo maji yanaendelea kuvuta kwa nguvu dakika zote nne. Weka uwiano ule ule wa gramu 60 kwa lita, lakini saga nene hatua moja au punguza nusu dakika. Chuja yote kabla ya kuitia kwenye chupa ya chai, maana mashapo yakibaki humo resipi inaendelea kupikwa mezani, na suuza chupa hiyo kwa maji yanayochemka kwanza, hasa kama asubuhi ilikuwa na chai ya mdalasini.